Homa ya Bamdogo na udaktari wangu wa uchochoroni

Jamani, hapa mjini kuna watu wana digrii za udaktari ambazo hakuna chuo kilichowapa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ukiniambia kichwa kinauma, nakwambia malaria. Viungo vimechoka, malaria. Hata ukipigwa chini na demu wako ukakosa usingizi wiki nzima, mimi ningekuburuza hadi duka la dawa pale Sinza Mori ukanunue mseto. Basi leo naomba nikusimulie siku niliyovuliwa digrii yangu. Kaa vizuri.

Naishi Sinza kwa Bamdogo wangu tangu nimalize fomu foo. Ni fundi wa friji, mtu wa utani, na ndiye aliyenilea baada ya mzee wangu kutangulia mbele ya haki. Presha alikuwa nayo miaka, dawa anameza siku akikumbuka. Kumbe presha inatafuna figo kimya kimya. Siku tunashtuka, miguu imevimba kama magogo na pumzi inakata. Hospitali wakasema figo zote 2 zimechoka, aanze kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kila mara saa 4 kitini.

Kwa kuwa mambo yalikuwa ya haraka, wakampachika mpira unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Ncha moja iko ndani karibu kabisa na moyo, nyingine inaning'inia nje kifuani chini ya bandeji. Wateja wakimuuliza anacheka: "Hii antena bwana, nashika stesheni zote."

Nesi alitukalisha chini akatuambia mambo matatu. Bandeji isilowe. Isifunguliwe nyumbani. Homa yoyote, hata ndogo, aletwe saa hiyo hiyo. Mimi nikaitikia "ndiyo sista" huku nasoma meseji.

Jumapili moja ya Januari, joto la Dar unalijua lenyewe, maji yalikuwa yamekatika siku kadhaa yakarudi. Bamdogo akaoga kwa furaha. Bandeji ikalowa chapachapa, ikabanduka upande. Akaniita: "Mwanangu, hebu nibanie kitu hiki." Nilikuwa nimetoka kula chipsi mayai, mikono nimefutia kwenye jinzi. Nikaifungua, nikapangusa kwa kitambaa, nikabandika plasta mpya. Nikajiona bonge la daktari.

Jumatano jioni akarudi kutoka kwenye mashine anatetemeka. Blanketi 2, mwezi wa Januari! Mama mdogo akasema twende hospitali. Mimi nikamkatisha: "Aa, hiyo malaria tu Mama mdogo." Nikachapa mwendo, nikarudi na mseto pamoja na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Homa ikashuka. Nikatamba sebuleni.

Alfajiri nikaenda kumjulia hali. Akanitazama macho makavu, akaniita kwa jina la marehemu baba yangu. Akaniuliza mbona nimechelewa kuja kumchukua.

Msomaji, miguu iliniisha nguvu.

Hospitali kipimo cha malaria kikasema hakuna kitu. Wakachukua damu mkononi na nyingine kwenye ule mpira, wakaipeleka maabara kuoteshwa. Daktari akaiangalia plasta yangu, akauliza: "Nani kafungua hapa?" Mimi nikaanza kuhesabu feni za darini. Kibao kikamgeukia Mama mdogo, maana ndiye mwenye mgonjwa. Alifokewa mbele ya watu. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani dokta." Hakunitaja.

Baadaye daktari akatueleza. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi zetu kila siku hawana neno wakikaa huko huko nje. Wakipita kwenye mpira ni kama wamepewa lifti mpaka moyoni. Wanaweza kutafuna milango ya moyo, au kwenda kujificha kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Halafu walinzi wa mwili wa mgonjwa wa figo ni goigoi, kwa sababu taka zinazobaki kwenye damu huzidhoofisha chembe nyeupe. Ndiyo maana kati ya watu wanaosafishwa damu, maambukizi ni muuaji wa pili baada ya magonjwa ya moyo. Na ile diklofenaki yangu? Ni adui wa figo, na juu ya hapo ilituficha homa usiku mzima.

Mpira ukang'olewa, akawekewa mwingine, akachomwa antibayotiki kwa wiki kadhaa. Mungu mkubwa, akarudi. Kisha wakamfanyia upasuaji mdogo wa mkono, wakaunganisha mishipa 2 ya damu. Wanaita fistula, usiichanganye na ile ya kina mama wa uzazi. Ikasubiriwa mpaka mshipa ukanenepa, na siku hizi anachomwa sindano hapo, ikitoka hakuna mpira unaobaki nje. Hatari ya wadudu inapungua sana. Ukigusa unasikia unavuma. Bamdogo anasema: "Kompresa inafanya kazi." Amechanjwa pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, maana kwenye kusafisha damu ugonjwa huo nao unanyemelea.

Washikaji kijiweni wananiambia, si apandikizwe figo yaishe? Ni kweli, Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, zamani watu walikuwa wanapelekwa India. Lakini aliyepandikizwa naye anameza kila siku dawa za kuwatuliza walinzi wa mwili ili wasiikatae figo ngeni. Wadudu kwake ni wale wale. Sabuni haistaafu.

Kwa hiyo kama kwenu kuna mtu wa mashine, mikono ioshwe kabla ya kumhudumia, bandeji waachie wenyewe, na akitetemeka usiende dukani. Mpeleke kule wanakomsafisha, hata iwe saa 8 usiku. Mimi nilidhani figo ndiyo inaua. Sikujua kidole changu nacho kinaweza.

Limebaki moja. Jumapili Bamdogo huwa anamsomea Mama mdogo gazeti hili kwa sauti pale barazani. Bamdogo, ukifika hapa soma polepole: Mama mdogo, yale matusi ya daktari yalikuwa yangu. Uliyabeba ukanyamaza, na mimi nikanyamaza nikala ugali wako mpaka leo. Nisamehe.