Daftari la Mwalimu

Kwetu Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kila mtu anaukumbuka mwaka 2012, Stephen Kiprotich alipotuletea dhahabu ya marathoni kutoka London, ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yetu tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Lakini mbio zetu za shule, nani anazikumbuka?

Mama yangu alikimbia mita 1500 alipokuwa sekondari. Tangu utotoni nimesikia kwamba alikuwa wa kwanza wilayani. Likizo iliyopita nilimtembelea mwalimu wake wa michezo, ambaye sasa ni mzee. Alinitolea daftari la matokeo, mchwa wamekwisha kula pembe zake. Nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Jina la mama lilikuwemo: wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana ambaye sikuwahi kumsikia.

Nilimwonyesha mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ni kweli, mwanangu. Alikimbia peku akanishinda. Mwaka uleule akaozwa, hakurudi shule."

Siku hizi mama akisimulia mbio zile, huanza kwa kumtaja yeye.