Yaya wetu wa Chicago, bima ya Mama na White Sox

Wiki hii zamu ya kuandika ni ya sisi wa Nakivale, na tumeamua kuandika juu ya yaya wetu (ninyi wa Kakuma msicheke, kwetu Kivu yaya ni kaka mkubwa) aliyeondoka hapa mwaka 2023 kwenda Chicago na mama yake, mke na watoto. Jina lake tunaliacha, mwenyewe ameomba hivyo. Kila Jumapili anatutumia sauti kwenye WhatsApp, nyingine zinafika dakika kumi na mbili, na sisi tunachanga MB tuzisikilize pamoja. Mambo yake ni matatu tu: siasa, bima ya afya na besiboli. Mara nyingine hujui ameacha moja saa ngapi na kuingia lingine.

Tuanze na besiboli maana ndiyo nyepesi. Mchezo wenyewe hatujauelewa vizuri. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na timu inacheza mechi 162 kwa msimu mmoja! Chicago ina timu mbili kubwa, Cubs ya kaskazini na White Sox ya kusini. Yaya anakaa Rogers Park, kaskazini kabisa, katikati ya watu wa Cubs, lakini yeye ni White Sox. Sababu? Kofia ya kwanza aliyopewa kazini baridi ilipoanza ilikuwa ya White Sox. Basi, imeisha. Mwaka 2024 timu hiyo ikapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote tangu 1901. Yaya hakuhama. Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, ikajulikana kwamba Papa naye ni White Sox, tukaletewa sauti nne usiku mmoja, anapiga kelele kama ameshinda yeye.

Ati hata Cubs wenyewe walisubiri ubingwa miaka 108, kutoka 1908 mpaka 2016, na watu wakarithishana ushabiki babu kwa mjukuu. Sisi wa Arsenal tukanyamaza kidogo.

Halafu akasema neno ambalo bado tunabishana nalo. "Timu ikifungwa, Mama anapata sindano yake ya insulini. Chama changu kikishinda, anaweza asiipate. Sasa kwa nini watu wanashika chama kama wanavyoshika timu?"

Mama tunamjua wote. Ni yule aliyekuwa anauza mandazi karibu na njia ya kwenda Rubondo. Sukari yake ilianzia hapa, na sisi wa VHT ndio tuliokuwa tunamsindikiza kituoni. Hapa hakuna bima. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya taifa mwaka 2021 lakini rais hakuutia sahihi. Kituo cha serikali hakikulipishi, hilo tunashukuru, ila si unajua: dawa ikiisha unaambiwa ukanunue nje. Tulimnunulia mara mbili kwa kuchanga.

Kule alipofika akapewa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Sindano, vipimo, macho, vyote bila kulipa. Yaya mwenyewe ana bima ya kazini kwenye ghala la mizigo. Inamkubali mke na watoto. Mzazi haimo. Aliposikia hivyo alicheka, akafikiri wanamtania, maana kwetu mama si mgeni wa nyumba. Sisi tunaona hapo ndipo siasa ilipomwingia.

Sasa, Julai 2025 rais wa Marekani alitia sahihi sheria kubwa, na ndani yake mna kipengele: kuanzia 1 Oktoba 2026 mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya kijani anatolewa kwenye Medicaid. Mama aliomba kadi yake mapema, mwaka ulipotimia tu. Novemba 2025 ikatoka amri ya kusimamisha kadi za wakimbizi walioingia enzi za Biden. Ya Mama imo humo. Kwa hiyo anatolewa kwa kukosa kadi, na kadi hapewi.

Yaya hana kura, si raia. Lakini wanaopiga kura anafanya nao kazi. Anasema wapo wanaopoteza msaada wa kulipia bima zao wenyewe, msaada wa ziada ulioisha mwisho wa 2025 baada ya serikali kufungwa siku 43 kwa ugomvi huohuo, na bado hawasemi chochote kwa sababu aliyeuacha uishe ni "wetu". Mtu anayempenda ni John McCain. Julai 2017 chama chake kilitaka kuivunja sheria ya bima ya Obama. Yeye, mgonjwa wa kansa ya ubongo, akaingia Seneti usiku, akashusha kidole gumba. Maseneta watatu wa Republican walikataa na muswada ukaanguka, 49 kwa 51. Yaya ameturudishia hadithi hiyo hadi tumeikariri.

Hatukubaliani naye yote. Anasema kana kwamba kuhama chama ni kubadili shati. Kwetu chama ni mtu, na mtu ni kabila, na ukihama usiku wanakuja kukuuliza. Wengine wetu tuko hapa kwa sababu hiyo. Hata uchaguzi wa RWC hapa kambini, mtu anauliza kwanza mgombea anaongea lugha gani. Habari ya dawa kituoni haiulizwi.

Mwenzetu mmoja alimshangilia sana Trump, anampenda kwa sababu ya wahubiri. Safari yake mwenyewe ilikuwa Februari 2025. Januari mpango ukasimamishwa, ndege ikafutwa, na mabegi yake bado yako chini ya kitanda. Bado anampenda. Yaya akamjibu kwa sauti ya sekunde tatu: "Wewe ni Cubs."

Tulicheka, ila mwenzetu hakucheka. Akatukumbusha wale watoto wa Uganda walioshinda besiboli kanda yetu mwaka 2011, wakanyimwa viza kwa mambo ya karatasi, na mwaka uliofuata Lugazi wakaenda. Yeye anahesabu hivyo: mwaka huu hapana, mwakani labda.

Jumapili iliyopita tulimuuliza Yaya habari za Mama tu. Ameshapata kliniki ya jamii inayolipisha kwa kadiri ya kipato, wanaanza kwenda kabla Oktoba haijafika. Foleni yake, anasema, ni kama ya Base Camp, na Mama ameshaanza kuwajua watu wa kwenye foleni.