Sato wa Fortaleza

Nilisafiri kwenda Brazil kwa mara ya kwanza nikimfuata samaki ninayemjua tangu utoto. Sato, huyuhuyu anayeuzwa Kirumba, Mwanza, kule Fortaleza ngozi yake inafunika majeraha ya moto.

Mji wenyewe haukunishangaza: joto la pwani, madafu, vijana wanaocheza mpira mchangani. Sato naye ni mgeni kule, alipelekwa mwaka 1971 kutoka Ivory Coast akafugwa mabwawani. (Hata Ziwa Victoria si kwao, aliletwa miaka ya 1950, na wazee wetu bado wanamsifia ngege wa asili.)

Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará nilijiandaa kwa shombo. Sikuisikia. Ngozi huparuliwa magamba na mabaki ya nyama, huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hulowekwa kwenye gliserini inayozidishwa ukali hatua kwa hatua. Baadaye hupigwa mionzi ya gama na kutunzwa kwenye jokofu. Niliyoshikishwa ilikuwa nyeupe, laini, ngumu kuchanika. Nguvu yake ni kolajeni, iliyojaa humo: hushikamana na kidonda, ikazuia majimaji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie.

Aliyewahi kumuuguza mtoto aliyemwagikiwa uji anaijua saa ya kubadilisha bandeji. Mtoto huanza kulia akiliona tu toroli la muuguzi. Krimu ya kawaida ya madini ya fedha hudai adha hiyo mara kwa mara. Ngozi ya sato huachwa siku kadhaa kidonda kikipona chini yake. Majaribio ya timu ya daktari Edmar Maciel, kwa wenye majeraha ya daraja la pili, yalionyesha kupona mapema kidogo na kupungua kwa dawa za maumivu. Hicho cha pili ndicho ninachokithamini zaidi.

Waliniambia pia kuhusu dubu wa California walioungua, wakatibiwa kwa ngozi hiyo mwaka 2018. Habari tamu, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye aina nyingine ya ngozi hiyo ya sato, iliyokaushwa kwa baridi kali, isiyohitaji jokofu. Samaki tunao; mionzi, vibali na ubaridi ndiyo kazi. Ikiondoka hiyo ya ubaridi, boksi moja linaweza kupanda kivuko hadi zahanati ya Ukerewe isiyo na umeme wa uhakika.