Aliyeangushwa Kinshasa Alinifundisha Kuishi

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya kusimulia haya. Nayasimulia kwa ajili yako wewe unayeumwa sasa, na kwa ajili yako uliye mzima wa mwili lakini moyo umekata tamaa.

Nilikuwa bondia wa uzito wa juu, hapa Dar es Salaam. Marehemu baba ndiye aliyenitia mapenzi ya masumbwi. Alipenda kutusimulia pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman, lililopigwa kabla ya jua kuchomoza. Nyumba nzima tulikuwa upande wa Ali. Foreman kwetu alikuwa lile jitu lililoangushwa raundi ya 8, basi. Hakuna aliyeuliza maisha yake yalikuwaje baada ya hapo.

Jioni moja mazoezini nikaanza kuona mimuliko katika jicho la kulia, halafu vidoa vyeusi vinavyoelea. Kulipokucha, kivuli kilikuwa kimeziba upande mmoja. Mke wangu alinishika mkono hadi hospitali. Daktari akasema retina imeachia. Ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Ngumi zinaweza kuuchana, na usiporudishwa mapema jicho linapofuka. Kisha akaongeza: ulingoni usirudi tena.

Ndugu walichanga. Kaka yangu aliuza pikipiki yake. Nikafanyiwa upasuaji, wakaweka gesi ndani ya jicho ili iibane retina irudi mahali pake. Gesi hupanda juu, kwa hiyo mgonjwa analazimika kuinamisha uso. Nikaambiwa nilale kifudifudi, usiku na mchana.

Hapo ndipo nilipovunjika.

Uso chini. Shingo inauma. Sioni. Sina kazi. Watoto wanapita kwa kunyata. Namsikia mke wangu chumba cha pili akihesabu hela ya unga. Anahesabu tena. Haitoshi. Usiku ule nilitamani nisiamke. Sikumwambia mtu. Hata mbele za Mungu niliogopa kulitamka.

Mama aliingia. Sijui alisikia nini katika pumzi yangu. Alikaa sakafuni, akaniwekea mkono mgongoni, akaomba. Hakuharakisha. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, kuna kitu gani moyoni?" Nikamwambia. Nilimwambia lote. Hakunigombeza. Alimwita kaka, na tangu usiku huo sikuachwa nilale peke yangu chumbani.

Kaka, akijua ninavyopenda ngumi, akaanza kunisomea maisha ya Foreman kwenye simu yake. Mtoto wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1949 na kukulia Houston katika umaskini mkubwa. Mama yake, Nancy, alihangaika na watoto saba. Kijana aliacha shule, akawa mporaji wa mitaani. Mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafunza vijana kazi ndio uliomkutanisha na glovu. Mwaka 1968 akatwaa dhahabu ya Olimpiki, Mexico City. Januari 1973, kule Kingston, Jamaika, akamwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2 na kuwa bingwa wa dunia. Alifika Kinshasa na ushindi 40, hajawahi kupoteza.

Nikamwuliza kaka, "Na baada ya Kinshasa?"

Akasoma. Foreman alirudi nyumbani na uchungu mzito. Mara alilaumu kamba za ulingo, mara maji aliyokunywa. Machi 1977 akapoteza kwa pointi mbele ya Jimmy Young, mjini San Juan, Puerto Rico. Katika chumba cha kubadilishia nguo alihisi anakufa. Mwenyewe alisimulia kwamba alijikuta katika giza tupu, akamlilia Mungu. Nikamwambia kaka arudie hapo. Giza lile nalijua.

Foreman akaacha ngumi. Kwa miaka 10 hakupanda ulingoni kama bondia. Alihubiri barabarani, akawa mchungaji Houston, akafungua kituo cha vijana. Alirudi mwaka 1987 kutafuta fedha za kukiendesha kituo hicho. Watu walimcheka kwa unene na umri. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, akiwa amevaa bukta ileile ya Kinshasa, alikuwa nyuma kwa pointi dhidi ya Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Raundi ya 10 mkono wake wa kulia ukapenya. Moorer hakuinuka. Foreman, mwenye miaka 45, alipiga magoti kwenye kona akaomba.

Wengi hushangilia usiku huo wa 1994. Mimi niliponywa na ile miaka 10 ya katikati. Mkanda hakuwa nao, umati haukumwimba, na bado alikuwa baba, mchungaji, mtu wa maana. Mimi retina hainiruhusu kurudi ulingoni. Lakini nilielewa kwamba kumalizika kwa ubondia wangu hakukuwa kumalizika kwangu.

Jicho lilirudi kuona, ingawa si kama zamani. Mchana nauza vipuri dukani kwa shemeji. Jioni nafundisha watoto wa mtaani mazoezi ya viungo. Foreman alipofariki tarehe 21 Machi 2025, akiwa na miaka 76, mama aliiombea familia yake mezani, kana kwamba ni majirani zetu.

Hofu haijaisha yote. Radi ikipiga usiku, hushtuka na kulifunika jicho lililo zima ili nione kama hili lililopasuliwa bado linaona. Kisha naomba, nalala.

Ndugu yangu, ukiona mimuliko na kivuli katika jicho, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama giza liko moyoni, usilale nalo peke yako. Mwite mama, kaka, mchungaji, shehe, jirani, yeyote aliye karibu. Mwambie lote. Mwambie leo.