Ndani ya soba hausi za Unguja

MGENI wa Unguja huonyeshwa mambo yale yale: milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, pweza wa kuchoma pale Forodhani jioni, mashamba ya karafuu na mdalasini, kisha gari la kumpeleka Nungwi akaoge baharini. Ni nadra mwongozaji wa watalii kumwambia kwamba kando ya mji, katika mitaa isiyo na hoteli, ziko nyumba ambamo vijana hujifungia kwa miezi wakijifunza kuishi bila unga.

Wenyeji huziita soba hausi. Jina limetoka ng'ambo, lakini kazi yenyewe hufanywa kwa Kiswahili cha Unguja, tena kile cha adabu, cha shikamoo na labeka.

Ukitoka bandarini unapita Darajani, unayaacha majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, unafika soko la Mwanakwerekwe na kuendelea upande wa Fuoni na Tomondo. Huko kuna mtaa uitwao Mombasa, jambo litakalomchekesha Mkenya aliyefunga safari kutoka Mombasa yenyewe.

Nyumba hizi hazina alama kubwa. Ni ukuta wa matofali, paa la bati, mnazi mmoja au miwili uani. Utaitambua kwa kamba ya nguo: mashati, suruali, kanzu na vikoi vya watu wengi, wala hakuna kanga hata moja. Nyumba za wanawake zipo, ila ni chache mno, na msichana aliyenaswa na unga hufichwa na jamaa zake kuliko kaka yake.

Balaa hili si geni katika pwani yetu. Mombasa, Malindi na Unguja zilianza kuzoeana na heroini katika miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa ile ya kahawia, iliyovutwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia nyeupe, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kudungwa kwa sindano, na pamoja na sindano yakaja maradhi ya ini na virusi vya Ukimwi. Soba hausi za kwanza za Unguja zilifunguliwa karibu mwaka 2009, na walioshika usukani walikuwa vijana wa hapo hapo waliowahi kuwa mateja wenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linalomshangaza mgeni. Mlezi wa nyumba, yule anayeshika funguo na kuamua nani akae na nani aondoke, aghalabu ni mtu aliyelala maskani miaka mingi. Hadanganyiki. Mgeni mpya akidai anaumwa na jino na kuomba atoke kidogo tu, mlezi humtazama na kucheka, kwa sababu jino hilo aliwahi kuwa nalo yeye.

Siku za kwanza ni za arosto. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki moja hivi. Mifupa huuma, pua hutiririka, tumbo huendesha, mtu huhisi baridi katika joto la Januari. Wenzake humpa maji, humkanda miguu, humwogesha. Usingizi ndio huchelewa kurudi, na mwanamume mzima anaweza kukesha wiki kadhaa akihesabu mabati.

Hapa sina budi kuonya. Arosto ya heroini ni mateso, lakini kwa mwenye afya, akipewa maji ya kutosha, mara chache huua. Pombe ni jambo jingine. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupatwa na kifafa, akaweweseka na hata kufa. Hali kadhalika aliyezoea vidonge vya usingizi, vile ambavyo vijana wetu huviita bugizi. Hao waanzie kwa daktari. Kumfungia mtu wa namna hiyo chumbani kwa nia njema ni kumhatarisha.

Arosto ikishapita ndipo kazi inapoanza, na kazi yenyewe ni ndogo ajabu. Kuamka kwa adhana ya alfajiri. Kutandika kitanda. Kufagia ua. Kwenye ukuta kuna orodha ya zamu: fulani anachota maji, fulani anaosha sufuria, fulani anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi ya wali wa mchana. Msomaji wa Nairobi ataona huo ni mchezo wa shule ya bweni. Lakini fikiria mtu ambaye kwa miaka kumi siku yake ilikuwa na kazi moja tu, kutafuta pesa ya kete na kuivuta, kisha kuanza upya. Kwake, kukuna nazi sita bila kuondoka ni safari ndefu.

Simu hakuna. Pesa mfukoni hakuna. Kutoka peke yake hakuna, hata kwenda msikitini huenda kwa kundi. Kusimulia raha za maskani kwa kujigamba ni kosa, na adhabu yake ni kuongezewa zamu.

Asubuhi na jioni hukaa duara. Kila mmoja hutaja jina lake na kueleza anavyojisikia. Utaratibu huu umetokana na hatua 12 zilizoanzia Marekani, kwa walevi wa pombe katika mji wa Akron mwaka 1935, na kwa watumiaji wa dawa za kulevya huko California mwaka 1953. Msingi wake ni kwamba mtu haahidi kuacha maisha. Anaahidi leo tu. Siku zake huhesabiwa kwa vishikio vya funguo vya plastiki: cheupe cha kuanza, cha rangi ya chungwa kwa siku 30, kijani kwa 60, chekundu kwa 90, na baada ya mwaka mmoja, kile kinachong'aa gizani. Nimeona watu wenye shahada wakijivunia vyeti vyao kwa haya kuliko alivyojivunia kijana mmoja wa huko kishikio chake chekundu, ilhali hana ufunguo wa kukitia.

Siku ya wageni akina mama hufika na mabakuli ya pilau. Hawaruhusiwi kumpa mtoto pesa, na baadhi ya nyumba huwataka wakae nao darasani. Si wote wanaopenda. Jamaa wengi humleta kijana jinsi redio mbovu inavyopelekwa kwa fundi: ada imelipwa, atengenezwe, arudishwe. Anaporudi hukuta chumba kile kile alichovutia, majirani wanaomwita teja, na mjomba asiyemwachia hata kikombe mezani bila kukitazama mara mbili.

Na hapo ndipo penye kaburi. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga husahau kuuhimili. Kipimo alichokizoea kabla ya kuingia kinaweza kumuua siku aliyotoka. Dawa iitwayo naloksoni humzindua aliyezidiwa, ikiwahi, lakini ni familia chache zinazoijua.

Wengine hukwepa hatari hiyo kwa kutoondoka kabisa. Humaliza miezi yao, wakawa walezi, mwaka ukaja mwingine ukapita. Siwalaumu, ingawa najiuliza kama mtu anayeogopa kuvuka lango ameshapona. Jambo nisilokubaliana nalo ni kebehi ya baadhi yao kwa wanaokunywa methadoni, kwamba hao hawajawa safi. Kenya ilianza kutoa dawa hiyo mwishoni mwa mwaka 2014 na Zanzibar mwaka 2015, na kila asubuhi huwatoa watu katika sindano na wizi wakaenda kazini. Mama anataka mtoto aliye hai. Rangi ya kishikio si hoja yake.

Kwa aliye na ndugu wa kupeleka, iwe Unguja au katika vituo vyetu vya pwani na bara, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutoa ada. Nani atamwangalia siku za mwanzo, na daktari yuko umbali gani? Je, hupigwa au kufungwa minyororo? Ikiwa jibu ni ndiyo, ondokeni naye. Baada ya miezi hiyo, kuna mikutano ya kuhudhuria karibu na nyumbani? Kisha liko moja ambalo wa kulijibu si mlezi bali ni ninyi: siku ya kutoka nani atakwenda kumchukua, na usiku huo atalala chumba gani?