Fundi wa Seli ya Kansa
Mlinzi mmoja wa Porto Arabia, hapa The Pearl, Doha, Mtanzania mwenzetu, aliniuliza: “Dada, mama anawekewa dripu za kemo Ocean Road, mbona uvimbe haupungui?”

Nikamweleza: kemo huharibu DNA, lakini seli ya kansa ina fundi wake, kimeng'enya PARP, anayekarabati. Mwaka 2003, Newcastle, Uingereza, rucaparib ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa pamoja na kemo, ili fundi afungwe mikono. Tatizo ni kwamba uboho nao huumia, damu hushuka. Olaparib, ndugu yake, iliidhinishwa Marekani 2014 kwa kansa ya ovari, ila bei yake jamani!

“Sasa mama je?” Nikamwambia amuulize daktari wake. Wenzangu wa maabara, tusome tukijua nani anasubiri.