Barua Yangu Maridadi Haikuuza Hata Kikapu Kimoja

Wacha niseme mwenyewe kabla mtu wa kwetu hajanianika: Desemba iliyopita nilituma barua pepe kali kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na haikuuza hata kikapu kimoja.

Shangazi yangu anasuka vikapu Kakuma, yeye na wamama wenzake saba. Wanatumia majani ya mkoma, ile miti mnaiona kando ya Turkwel mkivuka daraja hapa Lodwar. Kikapu kimoja cha maana kinachukua siku kadhaa. Mimi ndiye kijana wa kompyuta kwenye familia, kwa hivyo mambo yote ya "huko mtandaoni" huwa yananiangukia. Tulikuwa na orodha ya watu 140 waliowahi kununua na wakakubali tuwaandikie: wafanyakazi wa mashirika waliopitia Kakuma wakahamishwa, watu wa Nairobi, na wengine waliotoka kambini wakaenda kuishi Marekani na Australia. Vikapu 23 vilikuwa tayari. Pesa ilikuwa ya Januari, na si lazima niwaeleze Januari inamaanisha nini kwa mzazi mwenye mtoto wa sekondari.

Sasa, barua ya kuuza vitu unaweza kuituma kwa namna mbili. Kuna HTML, ule msimbo unaotengeneza kurasa za wavuti, ndio unakupa rangi, picha na vitufe vya kubonyeza. Halafu kuna maandishi matupu, herufi tu, kama meseji ya kawaida ila ndefu. Mimi niliangalia hizi mbili sekunde tatu hivi nikachagua HTML. Nani anataka kuonekana mshamba? Nilichora bango moja kubwa: vikapu vinang'aa, mchanga nyuma, jua linazama, bei kwa herufi za dhahabu, na till namba ya M-Pesa hapo chini, ndani ya picha. Kumbukeni hiyo till namba.

Nikatuma Jumatatu jioni. Kufikia asubuhi ile programu ya kutumia ikaniambia watu 61 wamefungua. Manze, niliweka hiyo kwa status. Siku ya tatu bado nilikuwa naangalia simu ya shangazi kuliko yangu, na M-Pesa ilikuwa kimya kabisa.

Nikapanda matatu nikaenda Kakuma, kilomita mia na ushee za kujiuliza nimekosea wapi. Shangazi alinipa chai kwanza. Halafu akauliza, "Mtoto wangu, wameiona?"

"Wameiona, shangazi."

"Na wamesema nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatoroka kidogo nikaenda upande wa kambi, kwa jamaa mmoja Mkongomani mwenye saiba pale Kakuma 1, nikamtumia ile barua aifungue. Simu yake ameizimia picha za barua pepe, maana bando anailipia mwenyewe na mtandao ukilegea picha huzunguka tu. Akaangalia, akageuza simu, akaniangalia mimi. "Ndugu, hii barua yako haina kitu ndani." Ni kweli. Kulikuwa na mraba mweupe na chini yake linki ya kujiondoa kwenye orodha. Yaani kitu pekee mteja angeweza kufanya na barua yangu ni kuniacha.

Hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho ningepaswa kujua kabla. Picha kwenye barua ya HTML mara nyingi haimo ndani ya barua. Iko kwenye seva mahali fulani, na barua inabeba anwani yake tu. Ukifungua, simu yako inaenda kuichukua. Ikikataa, au mtandao ukikataa, unabaki na fremu tupu. Na wale wateja wetu wa maofisini? Wengi wako kwenye Outlook, ambayo kwa kawaida inazuia picha mpaka ubonyeze kuziruhusu. Juu ya hapo, tangu toleo la 2007 Outlook ya Windows ilianza kutumia injini ya Word kuonyesha barua za HTML. Word! Ile ya kuandikia CV. Ndiyo maana kitu kimenyooka kwa laptopu yako kinafika kwa mtu wa ofisi kimepinda kama mlango wa mabati baada ya upepo.

Na waliobahatika kuona bango? Mmoja aliniambia baadaye aliona till namba sawa, ila ilikuwa ndogo kwa simu na haikuwezekana kuikopi kwa sababu ni picha. Akasema atarudi akitulia. Nyinyi mnajua watu hurudi lini wakisema hivyo.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ile 61. Programu inahesabu aliyefungua kwa kuficha kapicha kadogo mno, kasichoonekana, ndani ya HTML. Kapicha kakichukuliwa kutoka kwa seva, unahesabiwa. Shida ni kwamba tangu 2021 Apple imeweka kinga kwenye programu yake ya barua: ukiiwasha, picha zinachukuliwa mapema hata kama mwenye simu hajafungua chochote. Kwa hivyo mtu aliyelala Melbourne amehesabiwa, na yule jamaa wa saiba, ambaye amesoma kwa macho yake mawili mbele yangu, hakuhesabiwa. Mimi nikasherehekea hiyo namba kwa status.

Kumbe teknolojia yenyewe ililiona hili zamani. Kabla ya 1992 barua pepe ilikuwa maandishi tu. Mwaka huo ukatoka utaratibu unaoitwa MIME, ulioruhusu picha na vitu vingine visafiri kwa barua. Ni mwaka ule ule kambi ya Kakuma ilifunguliwa, sadfa tu, lakini mimi hukumbuka tarehe kwa njia hiyo. Na ndani ya MIME waliweka njia ya kutuma barua moja yenye nakala mbili, ya maandishi na ya kupendeza, halafu kifaa cha msomaji kichague kinachoweza kuonyesha. Programu niliyotumia ilikuwa na nafasi ya nakala ya maandishi. Niliiacha wazi.

Jioni hiyo nikakaa na shangazi nikamwambia aseme tu, kama anaongea na mteja sokoni. Akasema, nikaandika. Ilianza na "Ejok". Ikasema vikapu viko 23, vikubwa vinane, vinavyobaki ni vya wastani. Bei hii na hii. Vinaenda Lodwar kwa matatu Alhamisi, halafu Nairobi kwa basi la usiku. Till namba, kwa tarakimu za kukopi. Mwisho: ukitaka kuuliza, jibu hapa hapa, kijana wangu atanisomea. Maandishi matupu, hakuna hata rangi. Nikatuma.

Majibu 19. Watu waliandika! Mmoja aliuliza goti la shangazi linaendeleaje, maana alimwacha akichechemea. Vikapu 14 vikaenda wiki hiyo.

Lakini msiniweke kwenye lile kundi la "maandishi tu, HTML ni ya wakora." Kwanza, mteja mmoja aliuliza waziwazi kama sisi si wakora wa simu. Na ana haki. Barua isiyo na sura, yenye till namba, inafanana kabisa na ile meseji ya "tuma kwa hii namba." Mwingine akasema hawezi kununua kikapu asichokiona, na huyo ndiye mteja anayejielewa kuliko wote. Kikapu ni kitu cha macho. Nikimnyima picha nimemnyima bidhaa.

Kwa hivyo sasa natuma HTML, ila nimeinyoa. Maneno ya shangazi ni maneno halisi, si picha ya maneno. Picha ni moja, nimeipunguza uzito, na nimeiwekea maelezo yanayosomeka isipofunguka: "kikapu kikubwa, mistari mieusi, mkono mrefu." Nakala ya maandishi naiandika mwenyewe, siachii programu ijitengenezee. Linki ya kujiondoa inabaki na inaonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ya mtu huitumii kibiashara bila idhini yake, na kusema kweli ni heshima tu. Kapicha ka kuhesabu nimekazima. Sijui tena nani amefungua, na mwezi wa kwanza nilihisi kama nimefumbwa macho. Siku hizi nahesabu majibu na M-Pesa.

Kabla sijatuma yoyote, naipeleka kwanza kwa simu ya jamaa wa saiba, picha zikiwa zimezimwa. Anatoza chai.

Barua ya mwezi huu haijatoka bado. Shangazi anataka niongeze kwamba vikapu viwili rangi imeingiliana kidogo pembeni na bei yake imeshuka. Nilimwambia hiyo tuiache, itaharibu biashara. Akaniuliza, "Sasa kwani wakivipokea hawana macho?"

Nimeiweka mstari wa tatu.